Tiketi 32: Dar es Salaam hadi Moshi kwa baiskeli

Mimi ni fundi baiskeli. Walionipigia simu hawakuwa wanatafuta mchangiaji, walikuwa wanatafuta mtu wa kuziba pancha ambaye anaweza pia kuendesha kutwa nzima bila kuomba lifti kwenye gari la mizigo. Msafara ulikuwa wa kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya matiti, mwezi wa Oktoba, kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa kupitia Bagamoyo na Msata. Zaidi ya kilomita 500. Nilikubali kabla ya kuuliza posho, na ni vizuri sikuuliza, maana posho haikuwepo.

Fedha zenyewe zilichangishwa kwa mtindo tunaoujua wote, ule wa harusi. Kamati, mwenyekiti, katibu, mhazini, na kundi la WhatsApp linalobandika orodha ya majina kila usiku ili aliyeahidi na hajatoa aone jina lake limebaki peke yake. Watu waliahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwenye send-off ya binti wa mtu asiyemjua vizuri alitoa bila kusita, kwenye hili aliniuliza mara mbili kama kweli tutafika.

Ugomvi ulikuwepo tangu vikao vya kwanza: fedha zikipatikana zifanye nini? Mwenyekiti alitaka tununue mashine ya utrasaundi na kuibandika jina la kikundi ubavuni. Mhazini, dada mhasibu asiyecheka ovyo, alitaka ziwe nauli. Nauli tu, za mabasi. Watu wakaona hilo ni jambo dogo mno kwa kilomita zote hizo. Tukaondoka Dar bila kuafikiana.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Tulikutana saa 11 alfajiri ufukweni, jirani na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali ile ilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890, na taasisi yenyewe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Bado giza, lakini nje palikuwa tayari na watu: akina mama wamekaa juu ya mabegi yao, chupa ya chai pembeni, shuka mabegani. Nikamwambia Mhazini kwamba wamewahi foleni. Akasema, "Fundi, hao hawajawahi. Wameshuka kwenye basi la usiku na hawana pa kwenda mpaka pakuche."

Fulana zilikuwa za pinki. Vijana wawili wa kiume walijaribu kuvaa jaketi juu ya fulana kwa kisingizio cha baridi. Baridi, Dar, Oktoba! Sista (muuguzi wetu mstaafu, tuliyekuwa tunamwita hivyo hivyo) aliwatazama mpaka wakavua wenyewe.

Tukavuka Daraja la Tanzanite huku jua linachomoza baharini, kila mtu akapiga picha, kisha picha zikaisha na barabara ikaanza. Kawe, Tegeta, Bunju. Hapo Bunju ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza, na nitaieleza kwa sababu ilitufuata mpaka Same.

Tairi la lori likipasuka humwaga vipande barabarani, na ndani ya vile vipande mna nyaya nyembamba za chuma. Zikikatika hubaki pembezoni mwa lami, mle mle anamopita mwendesha baiskeli anayekwepa mabasi. Waya mmoja haufiki urefu wa kucha. Unaingia kwenye tairi na kukaa humo. Ukitoa tyubu, ukaitia kwenye karai la maji ukaona inapotoa mapovu, ukabandika kiraka na kurudisha, hujafanya kitu: baada ya kilomita moja upepo umetoka tena, tundu jipya jirani na kiraka. Macho hayauoni na kidole hakiusikii. Mimi hupitisha pamba taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Pamba ikinasa, waya uko hapo. Unauvuta kwa koleo kutoka nje. Sista alisimama juu yangu akiangalia shughuli yote bila kusema neno, na nilipoushika ule waya akaniomba aubebe. Akaufunga kwenye leso.

Bagamoyo tuliingia mchana. Wengine walikwenda kutembea Mji Mkongwe na kuangalia nyumba za msafara wa zamani. Mimi nilinyoosha rimu ya Mwalimu. Mwalimu ni mstaafu, umri wake unazidi sabini, na alikuwa anaendesha Phoenix ya zamani isiyo na giya, breki za vyuma, kengele inayosikika kata ya pili. Nilimshauri kwa adabu zote achukue baiskeli ya mtumba yenye giya. "Marahaba, kijana wangu," akanijibu, wakati sikuwa nimemwamkia tena. Nikaelewa.

Jioni Sista alitupa somo tutakalolitoa vijijini. Akaanza na hesabu za Shirika la Afya Duniani: mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Halafu akasema shirika hilo hilo limeweka malengo matatu ya kupimia nchi, na tuyashike kwa tarakimu: 60, 60, 80. Walau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike hatua ya kwanza au ya pili. Tangu mtu afike kwa mara ya kwanza mpaka uchunguzi ukamilike zisipite siku 60. Na walau asilimia 80 wamalize matibabu waliyoanza.

"Hiyo 60 ya kwanza ni elimu," Mhazini akadakia. "Hiyo ya pili na hiyo 80 ni basi."

Mwenyekiti akasema usiku umeingia, tulale.

Siku ya pili: Bagamoyo hadi Mbwewe

Bonde la Ruvu asubuhi ni zuri kulipita. Barabara imenyooka, magari machache, hewa ya majani mabichi na tope. Watu wakaanza kuendesha wawili wawili huku wanapiga soga. Sikuwakataza, nikajua Msata inakuja.

Msata ikaja. Pale unaungana na barabara kuu inayotoka Chalinze, na ghafla kila kinachopita ni lori lenye tela au basi lililochelewa. Nikawapanga mstari mmoja, wenye nguvu mbele na nyuma, Mwalimu katikati. Kila basi lilipopita tulisukumwa na upepo wake kuelekea majanini, kisha tukavutwa kurudi lamini. Ni huko kuvutwa kunakoangusha watu. Ukishajua, unalegeza mikono kabla.

Daraja jipya la Wami limetuokoa. Lile la zamani lilikuwa jembamba, liko chini kabisa ya mteremko, na kupanda kutoka pale kwa baiskeli yenye mzigo ilikuwa adhabu. Sasa unapita juu, mto uko chini yako, na unafika ng'ambo ukiwa bado na pumzi ya kuongea.

Mbwewe tulilala gesti. Madereva wa malori huwa wanapumzika maeneo yale, na usiku mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia ya baraghashia, alikuja tulipokuwa tunakula wali maharage. Akauliza hiyo pinki ni ya chama gani. Akaelezwa. Akanyamaza, akala kwanza, kisha akamgeukia Sista kwa sauti ya chini kidogo: "Na mwanamume, sista, anaweza?"

"Anaweza. Katika wagonjwa mia moja, hata mmoja hafiki. Lakini akipata huwa anachelewa kuliko mwanamke, maana hafikirii kabisa. Wewe una nini?"

Alikuwa hana kitu, kasema. Anauliza tu. Sista hakumbana. Aliendelea kuongea na meza nzima: uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, chuchu inayorudi ndani au kutoa majimaji, mara nyingi bila maumivu. Mwanamume akiona hayo aende, na asiseme ni jipu. Yule dereva akatoa noti, akaiweka chini ya sahani ya Mhazini na kuondoka. Asubuhi lori lake halikuwepo.

Siku ya tatu: Mbwewe hadi Korogwe

Siku ndefu. Manga, Mkata, Kabuku, vilima visivyo virefu ila havina mwisho: unateremka raha ya dakika moja, unailipa kwa dakika kumi. Mkata tulinyeshewa na mvua ya kuonja tu, ikatuacha na matope kwenye cheni. Kijana mmoja alikata cheni akipanda huku anabadilisha giya kwa nguvu. Nilitoa pini, nikapunguza kipande kimoja, nikaunga. Kuanzia hapo giya yake kubwa ikawa haishiki na hakulalamika.

Michungwani, kabla ya Segera, jina linajieleza. Meza za machungwa pande zote mbili, yamefungwa kwenye nyavu, wamama na mabinti wanakimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Sisi tulisimama wote kwa pamoja, na kwa kuwa hatukuwa basi wala gari dogo, walikuja kutushangaa zaidi ya kutuuzia.

Sista akaona hapo ndipo pa darasa. Akanunua chungwa, akaomba kisu, lakini hakulimenya. Alilishika juu, akaliita jua lilipige ubavuni.

"Angalieni ganda hili. Mnaona vishimo vidogo vidogo? Mkono wako unalijua, unayashika kutwa. Sasa ukioga ukaona ngozi ya titi lako imekuwa hivi, vishimo hivi, imevutwa, imekuwa ngumu, usingoje iume. Nenda siku hiyo hiyo."

Likapita mkono kwa mkono. Bibi mmoja alilikwaruza kwa ukucha, akalitazama muda mrefu, akalipitisha. Msichana akacheka kwa aibu, mwenzake akampiga kofi la bega. Baada ya hapo maswali yakafunguka, na hayakuwa yale tuliyojiandaa nayo. Ukikatwa ziwa si ndiyo unawahi kufa? Kile kipimo cha kuchoma sindano na kutoa kinyama hakiwezi kuuchokoza ugonjwa ukasambaa? Kuweka pesa kwenye sidiria? Simu je?

Pesa na simu Sista alizipitisha haraka: hakuna ushahidi. Kwenye kinyama alikaa. Alisema bila kutoa kinyama hakuna daktari anayejua anachotibu, kwa sababu saratani ya matiti si moja. Ipo inayolishwa na homoni, hiyo ina vidonge vyake. Ipo isiyosikia vidonge hivyo kabisa. Sindano haiisambazi. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni miezi ile unayokaa nyumbani unaiogopa sindano. Na kuhusu kukatwa, akasema wanaokufa mapema baada ya kukatwa ni wale waliofika wakati ugonjwa umeshatoka kwenye titi na kwenda kwenye ini, mapafu au mifupa. Kijiji kinaona kaburi, kinakilaumu kisu.

Nimewasikia watu wengi wakitoa elimu ya afya kwa kipaza sauti na wimbo. Sijaona iliyofanya kazi kama lile chungwa. Tulipoondoka lilikuwa limeshachakaa, na mwenye meza alikataa kulipwa.

Korogwe tuliingia na taa. Mwalimu alikuwa wa tatu kufika.

Siku ya nne: Korogwe hadi Mombo

Fupi kwa makusudi. Mashamba ya mkonge mistari mistari, milima ya Usambara upande wa kulia, reli ya Tanga inajitokeza na kupotea. Sina mengi. Miguu ilikuwa inadai na tuliilipa kwa kulala mchana.

Mombo mazao ya Lushoto hushushwa kwa wingi, kabichi, karoti, matunda damu, na tulikula matunda damu mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikiwa naosha cheni kwa dizeli, Mwalimu alikaa juu ya ndoo akapokea simu. Ilikuwa ya mkewe, kama kila baada ya saa moja na nusu tangu Dar. Amekula? Amekunywa maji? Ile kofia amevaa? Akajibu "ndiyo" kwa kila swali, likiwemo la kofia, ambayo ilikuwa kwenye begi.

Alipokata simu akanieleza, bila mimi kuuliza, kwamba mama yule alikuwa mwalimu mwenzake, na uvimbe aliugundua mwenyewe, mdogo, likizo ya Desemba. Walikuwa wanakaa Dar. Hospitali ilikuwa daladala mbili. Upasuaji, dripu za dawa za saratani, mionzi, na baada ya hapo kidonge kimoja cha Tamoxifen kila siku kwa miaka mitano, ambacho Mwalimu ndiye aliyekuwa anakiweka kwenye kisosi cha chai ili asisahau. Miaka hiyo imeshapita na mwanamke anapiga simu kuulizia kofia.

"Unajua kilichomponya ni nini?" akaniuliza.

Nikasema ni dawa, na kuwahi.

"Daladala mbili," akasema. "Dada yangu alikuwa na ugonjwa huo huo. Yeye alikuwa Kondoa."

Siku ya tano: Mombo hadi Same

Baada ya Mazinde nchi inabadilika. Kijani kinakatika, inabaki miiba, vumbi jekundu na milima ya Upare imesimama pembeni mikavu. Miiba nayo ikaungana na zile nyaya. Siku ile nilimaliza viraka vyote vya boksi la kwanza na solusheni ikaanza kuganda kwa joto.

Hedaru tulikuwa tumepanga kusimama kwa muda mfupi. Palikuwa na kivuli, Sista akaweka mkeka kwa ajili ya kuongea na akina mama, na mimi, kama kila tuliposimama, nikazungukwa na watoto wenye baiskeli mbovu. Sikatai. Mmoja, kijana wa kidato cha pili hivi, alileta baiskeli yenye gololi za mbele zilizosagika. Nikawa namfundisha kutia grisi huku namwuliza baiskeli ni ya nani. Ya mama. Mama yuko wapi? Yule pale, kwenye mkeka, wa mwisho.

Mama alisubiri wenzake wote waondoke. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa karatasi. Niliiona kwa karibu kwa sababu Sista aliniita nimsomee, miwani yake ilikuwa kwenye gari. Ilikuwa barua ya rufaa. Imekunjwa nne, na kwenye mikunjo karatasi ilikuwa imekatika kabisa, vipande vinne vimeshikana kwa selotepu iliyobadilika rangi. Muhuri ulisomeka. Uvimbe titi la kushoto, aende hospitali ya rufaa kwa uchunguzi zaidi. Tarehe ilikuwa ya kabla ya kilimo, na sasa watu walikuwa wameshavuna.

Sista hakumgombeza. Alimpeleka ndani kwa jirani, akampima kwa mkono, akatoka naye wakiwa wameshikana. Ndipo akamwuliza, mbele yetu, kwa nini hakwenda.

"Nilikwenda mpaka stendi, mama. Nauli ya kwenda nilikuwa nayo." Akatutazama mmoja mmoja. "Ya kurudi sikuwa nayo. Na ya huyu," akamwonyesha mwanawe, "maana peke yangu nilikuwa naogopa."

Mhazini alikuwa amesimama kwenye jua bila kofia. Akatoa daftari la michango, akageuza ukurasa wa nyuma, akakaa chini kabisa, mavumbini, akamwita Mwenyekiti akae naye. Akaanza kuandika kwa sauti. Dripu za saratani ya matiti wengine hupewa mizunguko minne, wengine sita, wengine minane, na mara nyingi ni kila baada ya wiki tatu. Chukua minane. Mgonjwa hawezi kusafiri peke yake, baada ya dripu anatapika, ana kizunguzungu. Kwa hiyo watu wawili. Kwenda na kurudi. Nane mara mbili mara mbili.

"Tiketi thelathini na mbili," Mwenyekiti akasema.

"Hiyo ni dripu tu. Hapo sijaweka safari ya kwanza ya kupimwa, wala ya kufuata majibu ya kinyama, wala ya kuambiwa majibu bado. Sijaweka upasuaji. Akiandikiwa mionzi akapelekwa Dar, ni siku tano kwa wiki, wiki tatu mpaka tano au zaidi. Hiyo huwezi kwenda na kurudi, kutoka hapa ni mamia ya kilomita. Unapanga chumba, unakula. Na hata akipata msamaha wa matibabu, konda hajui msamaha."

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alitaka kitu cha kuonyesha, na nimefanya kazi na wafadhili wa kutosha kujua kwamba wanaotoa hupenda kukiona walichotoa. Mashine inapigwa picha. Tiketi iliyotumika inatupwa dirishani. Lakini aliitazama ile karatasi yenye selotepu, akaniuliza mimi, sijui kwa nini mimi, "Fundi, unaonaje?"

Nikamwambia mashine ingewekwa hospitali, na huyu mama angekuwa bado yuko stendi.

Sista akapiga simu kwa muuguzi anayemfahamu Moshi, akapangiwa siku. Mhazini akaandika jina la mama kwenye ukurasa ule ule wa hesabu. Gololi nikaziweka mpya, zile za akiba za Mwalimu, kwa ruhusa yake.

Tuliondoka Hedaru kwa kuchelewa na tukakutana na upepo. Wenyeji wa Same wanaujua. Unatoka kwenye nafasi za milima ukakupiga ubavuni bila kupumzika, na unaendesha umeinamia upande mmoja kilomita nyingi, ukipita nyuma ya kilima upepo unakatika ghafla na wewe nusura uanguke kwa kuegemea kisichokuwepo. Hakuna aliyeongea. Makanya ilipita, sikumbuki. Same tulifikia kwa mama ntilie mmoja aliyetupikia ugali na kuku wa kienyeji, na Mwenyekiti, kabla ya kula, akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: fedha zote ni za nauli na malazi ya wagonjwa na wasindikizaji wao. Asiyekubali arudishiwe chake. Wawili waliomba kurudishiwa. Jirani yangu wa vifaa vya ujenzi aliongeza.

Siku ya sita: Same hadi Moshi

Mlima ulikuwa umejificha mpaka tunakaribia Mwanga, ndipo wingu likafunguka juu na theluji ikaonekana mahali ambapo hukutegemea kuinua macho, juu zaidi ya unapodhani mlima unaweza kufika. Vijana wa jaketi walisimamisha msafara kwa picha, sasa wakiwa wamevaa pinki bila kuambiwa, imeshapauka kwa jua na jasho.

Baada ya Himo magari yanakuwa mengi, matuta mengi, bodaboda zinakupita pande zote mbili. Pale ndipo Mwalimu alipogonga kengele yake kuanzia mwanzo wa mji mpaka ndani, na watu wa kando ya barabara wakaanza kupiga makofi wakidhani kuna mashindano.

Tulifikia KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo leo ina huduma za saratani, hivyo mgonjwa wa Upare au Rombo anaweza kupata dripu bila kushuka mpaka Dar. Kulikuwa na wazo la kukabidhi hundi ya mfano, ile kubwa ya kubebwa na watu wanne. Mhazini aliizima. Alikaa mezani na watu wa ustawi wa jamii, ambao ndio wanaojua nani amekwama, wakakubaliana utaratibu: mgonjwa hapewi fedha mkononi, tiketi inakatwa na kulipiwa moja kwa moja, na kitu cha kwanza kulipwa ni safari ya kurudi. Hilo la mwisho ni neno la yule mama wa Hedaru, liliingia kwenye makubaliano kama lilivyo.

Sista akafungua leso yake pale mezani akaonyesha ule waya wa Bunju kwa wauguzi vijana. Akawaeleza habari ya pamba. Mmoja akauliza na sisi tunafanyaje kwenye titi, akaambiwa: vidole vitatu, bapa, taratibu, mzunguko mzima mpaka kwapani, usiruke mahali, siku chache baada ya hedhi kwisha.

Kesho yake tulikuwa stendi ya mabasi na baiskeli zetu, turudi Dar. Konda alitaka ushuru wa mzigo kwa kila baiskeli. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba sisi ni watu wa hisani.

"Hisani ni yenu, mzee," konda akasema, "buti ni la tajiri."

Mfuko wa michango haukuguswa, kila mtu alitoa chake. Nikaanza kufungua magurudumu ya mbele ili zipangike vizuri. Mhazini akalipa yake, akadai risiti yenye muhuri, akaikagua, kisha akamvuta konda pembeni na kumwuliza mtu anayekata tiketi thelathini na mbili anapunguziwa kiasi gani kwa kila moja. Konda akacheka. Alipoona yeye hacheki akampa namba ya meneja, na basi lilipokuwa linatoka Moshi dada yule alikuwa bado kwenye simu, anabishana kwamba punguzo la mgonjwa limfikie na msindikizaji.